Daraja la Tano

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshikana mkono na mtu aliyemwita mdogo wangu mlevi.

Mkono wake ni laini, kama wa mtu aliyetoka kunawa. Amenikaribisha ofisini kwake, akaniuliza habari za safari, akaagiza niletewe chai. Hakunitambua. Enzi zile nilitumia jina la baba, sasa natumia la mume. Nimeinywa chai yake mpaka mwisho, maana nilitaka mikono yangu iwe na kazi ya kufanya.

Wafanyakazi wanamwita Taratibu, kwa sababu kila jambo kwake ni "taratibu, jamani, taratibu." Sasa ni meneja mkuu wa mgodi huu. Zamani, kwenye mgodi mwingine, alikuwa msimamizi wa zamu na mdogo wangu alikuwa dereva wa buldoza chini yake. Mdogo wangu alimwambia rundo la kifusi limepasuka juu. Taratibu akamwambia aendelee na kazi. Rundo likashuka, likamfunika pamoja na buldoza lake. Kwenye taarifa ya ajali Taratibu aliandika kwamba dereva alikuwa amelewa. Mdogo wangu huyo huyo, ambaye hata dawa ya kikohozi akisikia harufu ya kileo alikuwa anaitema.

Mimi ni mkaguzi wa mabwawa. Nimetumwa kupanga upya daraja la hatari la bwawa la tope la mgodi huu. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama ninavyoipenda leo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekataa chumba cha wageni cha kampuni. Nitatafuta pa kulala huko bondeni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelizunguka bwawa lote kwa miguu. Mawe yakishasagwa na madini kutolewa, kinachobaki ni tope la kijivu, laini kama uji. Tope hilo linamwagwa hapa juu, nyuma ya ukuta wa udongo mrefu kuliko ghorofa yoyote niliyowahi kulala. Ukisimama juu ya ukuta, upande mmoja unaona ziwa la kijivu lisilo na ndege hata mmoja, na upande wa pili, chini kabisa, unaona mabati ya watu.

Wengi hudhani daraja la hatari linapima ubovu wa ukuta. Sivyo. Linapima nani atakufa ukuta ukivunjika. Ukuta mzima kabisa ukiwa juu ya shule ni daraja la tano. Ukuta mbovu juu ya pori tupu unaweza kubaki daraja la kwanza. Hili bwawa limeandikwa daraja la pili, kwa sababu walipochora ramani bonde lilikuwa vichaka na bustani za mboga. Leo kuna mtaa mzima, shule, zahanati na mashine ya kusaga.

Daraja la tano maana yake ni ukuta kuongezewa unene tangu kitakoni, mfereji mpya, vipimo kila siku, na kutomwaga tope mpaka hayo yote yakamilike. Meneja aliyeliacha bwawa lifike hapo huwa hadumu na kiti chake. Nimewahi kuwaona wakibeba vitu vyao kwenye maboksi.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata chumba kwa fundi nguo, mjane mmoja wanayemwita Mama Cherehani. Nyumba yake ni ya mwisho bondeni, karibu kabisa na kitako cha ukuta. Asubuhi jua linachelewa kufika dirishani kwa sababu ya ukuta huo.

"Wewe mwanangu ni wa mgodi?" aliniuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Hapana mama, ni wa serikali."

"Haya. Ubaya wake ni mwepesi kidogo."

Ndiye anayeshona sare za mgodini, na anasema anaujua mgodi kwa viuno. "Walinzi nawaongezea kila mwaka. Wa stoo nawaongezea mara mbili. Yule mkubwa wao peke yake ndiye ninayempunguzia. Amekuja juzi na suruali ile ile kwa mara ya tatu, nimemwambia baba, tutafika mahali mguu mmoja utatosha."

Naandika ili nisisahau: anakonda. Sijui kinachomla, ila kile cha zamani kilichopaswa kumla sidhani kama kilimgusa.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Nyepesi.

Jumatano, 19 Machi

Nimetembea na Taratibu juu ya ukuta. Alivaa buti kuukuu za kazi, si zile za meneja za kupigia picha. Kila alama ya kupimia anaijua ilipo. Tulishuka mpaka kitakoni, mahali maji yanapochuruzika. Kila ukuta wa udongo unavuja kidogo, hilo halimtishi mtu. Cha kuangalia ni rangi. Maji yakiwa maangavu, yanapita tu. Yakiwa na tope, maana yake yanauchimba ukuta kwa ndani.

Aliinama akakinga maji kwa kiganja, akayanyanyua kwenye mwanga. "Maangavu," akasema.

"Maangavu," nikakubali, na nikasikia jinsi sauti yangu ilivyosikitika.

Namwogopa kidogo mwanamke huyo aliyesikitika ndani yangu. Lakini simfukuzi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mvua. Kuta za chumba zimeota ukungu.

Ijumaa, 28 Machi

Taarifa nimempelekea Taratibu mimi mwenyewe, mkononi. Sikutaka barua pepe ininyang'anye starehe yangu.

Daraja la tano. Ramani ya mafuriko nimeichora nyumba kwa nyumba. Tope litafika kwa Mama Cherehani kabla hajamaliza kufunga vifungo, na shuleni kabla mwalimu hajawapanga watoto mstari. Hakuna nilichokiongezea chumvi. Huo ndio utamu wake: sikuhitaji kusema uongo hata mmoja. Yeye alihitaji uongo kummaliza mdogo wangu, mimi kummaliza yeye nimetumia ukweli mtupu.

Alisoma kila ukurasa. Nilingoja aseme taratibu. Alifunga jalada, akaliweka juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto. "Asante," akasema.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua nicheke, kicheko hakikuja. Ile asante ilikuwa inanikwaruza.

Jumapili, 6 Aprili

Nimempigia mama simu. Ananiuliza mbona sauti yangu imechangamka. Nikamwambia kazi inakwenda vizuri. Sikumwambia ni mgodi wa nani. Tangu tulipomzika mdogo wangu, mama hasimami barazani kwa mtu. Akienda dukani anapita ukingoni mwa njia, macho chini, kama mpangaji aliyefukuzwa. Pale msibani jirani alisema, akijua tunasikia, kwamba pombe haina adabu. Mtaa mzima ukalibeba neno hilo.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Taratibu aliniita ofisini, akafunga mlango. Makao makuu wamejibu. Hawataongeza unene wa ukuta wala hawatachimba mfereji. Wamefanya hesabu zao: daraja linapanda kwa sababu ya watu walio chini, basi watu watolewe. Nyumba zitavunjwa mvua ikiisha. Bonde likiwa tupu, daraja litashuka lenyewe, na tope litaendelea kumwagwa.

"Hiyo siyo maana ya daraja," nikasema.

"Najua. Nimewaandikia kwamba siyo maana yake. Nimewaandikia kuhusu ukuta huu tangu nilipofika. Kila mara wananijibu kwamba ni daraja la pili, nisiwasumbue." Akaongeza: "Ndiyo maana niliomba uletwe wewe."

Nikamtazama.

"Una macho ya mdogo wako," akasema. "Nilikujua ulipoingia mlangoni. Jina lako jipya nilikuwa nalijua kabla hujaja. Wakaguzi wengine ningewapa chai, makao makuu wangewapa chakula cha jioni, na bwawa lingebaki daraja la pili. Nilihitaji mtu ambaye hawezi kunionea huruma."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa vitisho, hata kwa machozi. Kwa hili sikujiandaa. Hata chuki yangu amekwenda kuiajiri. Ameipangia zamu kama alivyompangia mdogo wangu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua hakuwa amelewa," nikasema. Ndilo lililotoka.

"Nilijua."

"Sema yote."

"Hakuwa amelewa. Aliniambia kuhusu ufa. Niliogopa."

Aliyasema kwa sauti ya chini, ndani ya chumba kilichofungwa, mbele yangu mimi tu. Nikamwambia maneno ya chumbani hayanisaidii, nikatoka.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtaa umepata habari. Mama Cherehani ameniwekea maji ya kuoga kama kawaida, lakini hakunisalimu. Nilipopita alisema akiiangalia cherehani yake: "Kumbe ulipokuwa unazunguka kutuhesabu, mimi nilidhani unatuhesabia kheri."

Nilimweleza kwamba nilitaka ukuta uimarishwe.

"Ulitaka," akasema. "Mwanangu, nimeshona miaka mingi. Mtu akikata kitambaa kwa hasira, hata kama vipimo ni sahihi, nguo inakaa upande."

Sijamwambia mtu yeyote hapa kuhusu hasira yangu. Nadhani inanichungulia usoni.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua haijakata tangu juzi. Maji bwawani yamepanda.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Baada ya chakula cha mchana nilishuka kitakoni. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, na yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Nilikinga kiganjani, nikangoja yatulie. Chini kukabaki udongo laini wa njano. Udongo wa ndani ya ukuta.

Nilikimbia. Taratibu alikuwa tayari juu ya ukuta na redio mkononi, ameona maji ya kisima cha kupimia ndani ya ukuta yamepanda. Nilipomwonyesha kiganja changu hakuuliza swali. Akaamuru king'ora kipigwe. Mtaani watu walianza kutoka, taratibu kwanza, kama wanaotazama nani anaoa, halafu mbio.

Kulikuwa na njia moja ya kuupunguzia ukuta mzigo. Kuna mlango wa maji wa dharura upande wa pili wa bwawa. Ukifunguliwa, maji ya juu yanakimbilia ndani ya shimo la mgodi. Shimoni watu walikuwa wameshatolewa. Ila kulikuwa na mitambo, mashine za kuchorongea miamba, pampu, kila kitu kinachoufanya mgodi uitwe mgodi. Kuufungua ni kuuzamisha.

Alipiga simu makao makuu nikiwa pembeni yake. Nilisikia sauti ya upande wa pili: subiri, mhandisi wetu anakuja kesho, usiguse mlango. Akakata simu. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani.

"Sheria inakuruhusu mkaguzi kutoa amri," akaniambia. "Niandikie. Mstari mmoja tu. Nikiwa na amri yako, hawana la kunifanya."

Ni kweli, sheria inaruhusu. Kalamu ilikuwa mfukoni.

"Wewe ndiye meneja," nikasema.

"Nikitoa mimi, nimekwisha. Unajua."

"Najua."

Akanitazama, akaelewa. Sikutoa kalamu. Nilitaka achague yeye, kama alivyochagua siku ile ya rundo la kifusi, na safari hii achague akijua kitakachompata. Nilingoja miaka yote hii nimwone amesimama mahali pasipo na mlango wa kutokea. Nilimwona. Nitasema kweli: kulikuwa na utamu.

Halafu nikatazama chini. Watu walikuwa wanapanda kilima, na mtu mmoja alikuwa anashuka, anarudi. Nilimtambua kwa mwendo. Mama Cherehani alikuwa anaifuata cherehani yake.

Nilifungua mdomo. Mpaka sasa sijui nilitaka kusema nini, kumwita yule mama asiyeweza kunisikia au kumwambia Taratibu nipe karatasi. Sitajua, kwa sababu yeye alinitangulia. Aliinua redio akasema, wala hakusema taratibu: "Fungueni mlango. Ni amri yangu. Rudia, ni yangu mimi."

Maji yalipoanguka shimoni ardhi ilitetemeka miguuni. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia kuteremka. Nilimkuta Mama Cherehani mlangoni, cherehani kichwani, kanyagio ameshindwa kulibeba. Nilishika mkono wake nikamvuta. Alinitukana njia nzima, matusi ya kushonwa vizuri, na cherehani hakuiangusha.

Malori yalimwaga changarawe kitakoni, kisha mawe juu yake, ili maji yapite na udongo ubaki. Taratibu alikuwa katikati ya malori, anaelekeza kwa mikono, sauti imemwisha.

Ukuta umesimama.

Ijumaa, 18 Aprili

Maji kitakoni ni maangavu. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Ofisi yetu imetoa uamuzi. Daraja la tano linabaki. Hakuna tope litakalomwagwa mpaka ukuta uimarishwe, na hakuna nyumba itakayovunjwa kwa ajili ya kushusha daraja. Mtaa umepokea habari kwa vigelegele, lakini jina linalotajwa si langu. Ni Taratibu aliyeuzamisha mgodi ili watu wapone. Akipita, wazee wanasimama. Wanafunzi wanampungia mikono. Mama Cherehani anamshonea shati bila hata kumpima.

Mimi ndiye niliyembana mpaka akawa shujaa. Nilitaka aanguke, nimempandisha jukwaani.

Na mdogo wangu bado ni mlevi.

Jumatatu, 5 Mei

Kampuni imemfukuza. Kwenye taarifa yangu nimeandika jinsi ilivyokuwa: amri ilikuwa yake, hakupewa na mtu. Ni sentensi inayompa sifa mtaani na kumnyima kazi kwa wakati mmoja. Nimeandika pia kwamba aliniomba amri ya maandishi na kwamba sikuitoa. Mkuu wangu amenipigia kuuliza kwa nini. Nikamwambia nitaeleza nikirudi. Atakachoamua, ataamua.

Jioni Taratibu alikuja kwa Mama Cherehani kuchukua shati lake. Alikuwa na boksi moja. Tulisimama uani.

"Ungeweza kuniandikia," akasema.

"Ningeweza."

"Umeridhika?"

"Bado."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa kipimo alichokitarajia. Nikamwambia nitakapokwenda kwa mama atakuja nami, na yale maneno aliyoyasema mlango ukiwa umefungwa atayasema mlango ukiwa wazi.

Aliweka boksi chini. "Miaka yote hii," akasema, "naiogopa nyumba hiyo kuliko bwawa lolote."

"Vizuri," nikasema. "Iogope ukiwa unakuja."

Jumapili, 18 Mei

Tumefika kwa mama saa za asubuhi. Sikuwa nimemwambia nakuja na nani. Alikuwa anaanua nguo, maana wingu lilikuwa limejikunja. Taratibu alivua kofia, akajitaja jina lake kamili. Mama aliendelea kukunja shuka mpaka likaisha, akaliweka juu ya kiti. Kiti pekee kilichokuwa pale. Akamwacha amesimama.

Alisema. Hakupunguza neno: kwamba mwanawe hakuwa amelewa, kwamba aliona ufa akauripoti, kwamba yeye ndiye aliyemrudisha kazini na yeye ndiye aliyeandika uongo ili kujiokoa.

Nilimtazama mama. Nilikuwa nimeuota uso wake wa siku hii mara nyingi: nilimwona akilia, akimpiga, akinikumbatia. Hakufanya hata kimoja.

"Mimi unaniambia nini?" akamuuliza. "Mimi nilimzaa, nilimlea, nilijua hakunywa. Mimi sikuwahi kukuamini hata siku moja." Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kutokea na mtandio. "Twende."

"Wapi, mama?" nikauliza.

"Kwa walioamini."

Alianza na mlango wa jirani, yule yule wa msibani. Akabisha kwa kiganja kizima. Jirani alipofungua, mama akasogea pembeni. "Huyu bwana ana neno," akasema.

Taratibu akasema neno lake. Jirani alishika fremu ya mlango. Akaanza kusema jamani, sisi tulidhani. Mama alikuwa ameshaondoka kuelekea nyumba ya pili.

Kwenye nyumba ya tatu alijaribu kufupisha. "Palitokea makosa katika taarifa," akasema.

"Makosa ya nani?" mama akamuuliza.

"Yangu."

"Basi anza upya. Anza na jina lako."

Akaanza upya. Mvua ilianza pia, ile ya mwisho wa msimu, matone machache makubwa. Hakuna aliyemwazima mwavuli, na mimi wangu niliushika juu ya mama. Watu walitoka vibarazani, wengine wakatufuata kwa mbali. Kwa mwenye duka, kwa fundi viatu, kwa mwalimu mstaafu, kwa familia mpya ambayo hata haikumjua mdogo wangu. Nilimnong'oneza mama kwamba hawa wamehamia juzi.

"Wameshasimuliwa," akasema, akabisha.

Mama alikuwa anatembea katikati ya njia. Sijamwona akitembea katikati ya njia tangu tulipozika.

Mtaa ulipoishia, Taratibu alikuwa amelowa mpaka ndani ya viatu na sauti imekauka. Shati jipya lilikuwa limemganda mgongoni. Alifuta uso, akamtazama mama kwa unyenyekevu, kama mtu anayengoja kuruhusiwa kwenda.

Mama aliugeukia mtaa, akautazama wote hadi mwisho, akapandisha mtandio.

"Upande huu tumemaliza," akamwambia. "Sasa tuvuke."